Silvana Mara Bilioni

Jumatano, 11 Juni 2025

Upepo. Mwezi wa sita upepo wa Sumbawanga hauna adabu. Unaingia dukani bila hodi na kutoka na karatasi za watu. Leo nimekimbiza cheti cha ubatizo hadi karibu na stendi. Nimekikamata kwa kukikanyaga. Mwenyewe hajaambiwa.

Lakini la kuandika leo ni barua pepe.

Imekuja asubuhi, Kiingereza kitupu, na alama nyekundu juu. Inahusu Mkumbushaji. Mkumbushaji ni programu yangu. Nimeiandika miaka miwili, mimi Flavian, fundi simu na mpiga chapa, katikati ya mteja na mteja. Iko kwenye kompyuta ya zahanati anakofanya kazi mke wangu, Mama Mariana, nesi wa kliniki ya watoto. Yeye anaandika majina ya watoto na tarehe zao. Kila Jumatatu jioni Mkumbushaji anasoma orodha, anaona nani anatakiwa Jumatano, anamtumia mama yake meseji. Watoto mia moja arobaini na tatu! Mama mmoja alinisimamisha sokoni akanishukuru. Nilijifanya nina haraka ili asione macho yangu.

Sasa, ile sehemu ya kusoma orodha sikuiandika mimi. Hakuna anayeiandika mwenyewe. Unachukua kipande kilichoandikwa na watu wengine huko duniani. Wanakiita maktaba, ingawa hakina kitabu hata kimoja. Unakikabidhi faili, kinakusomea. Bure kabisa. Barua pepe inasema maktaba hiyo ina tundu. Mtu akiipa faili dogo ambalo maneno yake yanaitana, hili linaita lile na lile linaita jingine, maktaba inafumua tu, haiulizi mwisho uko wapi, mpaka kompyuta inaishiwa nguvu na kuzimia. Wote wanaoitumia wapakue toleo jipya mara moja.

Mara moja! Nani Sumbawanga hii atakaa chini amtengenezee nesi faili la namna hiyo? Halafu mara ya mwisho nilipopakua toleo jipya la kitu, tarehe zote zilihamia mwaka 1970. Mtoto wa miezi mitatu akahesabiwa ana miaka hamsini na kitu. Sipakui.

Saa tisa nikakumbuka jambo. Mwalimu Christopha anatumia maktaba hiyo hiyo. Aliniambia mwenyewe kwenye mazoezi ya kwaya.

Nimefunga duka mapema ili nifikiri vizuri.

Alhamisi, 12 Juni

Nieleze kuhusu Christopha, maana shajara hii inaweza kusomwa na watu wasiomjua. Anafundisha kompyuta sekondari. Ana tai tatu. Naye ameandika programu ya kukumbusha kina mama, inaitwa Kengele, na ina picha ya kengele inayotikisika. Kwenye kwaya tuko sauti ya nne wote wawili, lakini pale pa kuimba peke yake anapewa yeye. Kubwa kuliko yote: alisoma darasa moja na mke wangu tangu la kwanza hadi la saba, na anamwita Silvana. Mbele yangu! Mimi mumewe namwita Mama Mariana kama mtu yeyote mwenye heshima, tangu Mariana azaliwe, na sasa Mariana yuko bweni kidato cha kwanza.

Jumatatu ni Siku ya Mtoto wa Afrika. Pale zahanati patakuwa na sherehe, na mgeni rasmi atatazama programu zote mbili, achague moja itakayopelekwa zahanati nyingine za huku kwetu. Sista Fransiska, mkuu wa zahanati, ameagiza tubadilishane orodha za majaribio. Mimi nisome yake, yeye asome yangu, asiwepo wa kujipendelea.

Sista Fransiska hajui amenifungulia mlango gani.

Nimelitengeneza faili. Ni rahisi hadi inatia aibu. Mistari kumi. Mstari wa kwanza una neno moja. Wa pili unasema: soma wa kwanza mara kumi. Wa tatu: soma wa pili mara kumi. Hivyo hivyo hadi wa kumi. Ukilitazama ni kitu kidogo, kinaenea kwenye kiganja. Ukiliambia jifumue, lile neno moja linakuwa bilioni moja. Kompyuta gani itameza maneno bilioni? Kengele italia kilio chake cha mwisho mbele ya mgeni rasmi. Halafu Christopha anaizima, anaiwasha, inapona. Hakuna anayeumia. Nimejiuliza mara mbili na mara zote mbili nimejibu hakuna.

Neno la kwanza lilinisumbua. Nilikaa na vidole juu ya vitufe. Halafu vikaandika vyenyewe: Silvana.

Nikaliacha.

Mama Mariana alipita nyuma yangu akaniuliza mbona natabasamu na kompyuta. Nikasema kazi. Akaenda, akarudi na blanketi la Mariana, akanifunika mabegani kwa sababu ya upepo. Nilijisikia vibaya kwa muda wa kutosha. Dakika nne hivi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda Kasense, kwa Christopha, kwa baiskeli kupeleka flashi yenye faili. Nilimtarajia Christopha na tai yake. Nilimkuta jikoni kwa mama yake, kakunja mikono ya shati, anamlisha uji wa ulezi kwa kijiko. Bibi Avelina haoni tena vizuri. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono akauliza ni mtoto wa nani. Nilipomtajia baba yangu akasema huyo alikuwa mcheshi sana na mwongo kidogo. Akaniambia mikono yangu ina baridi, akamwagiza mwanawe anipe chai.

Nikanywa chai ya adui. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na tangawizi.

Christopha akaipokea flashi kwa mikono miwili kama mtu anayepokea zawadi. Akanakili faili langu kwenye kompyuta yake, akaweka orodha yake safi ya majaribio kwenye flashi ile ile, akanirudishia. Halafu akaniuliza kama nimeona ile barua pepe. Maktaba ina tundu baya sana, akasema. Yeye alishinda nayo siku nzima ya Alhamisi, ameweka toleo jipya, na ameweka pia kikomo: faili likizidi kipimo, Kengele inalikataa.

Alhamisi! Siku niliyokuwa nafuma mtego, yeye alikuwa anaziba tundu.

Akauliza kama mimi nimeshaweka. Nikasema nimeweka. Akasema alijua, mimi si mtu wa kuacha watoto wa watu hivi hivi.

Nimerudi na kilo mbili za unga wa ulezi nilizopewa na Bibi Avelina na uchungu ambao sijui niuweke wapi.

Jumapili, 15 Juni

Misa ya pili. Sikusikia mahubiri hata neno moja. Christopha alikuwa ananitazama kutoka mwisho wa benchi. Baada ya misa akanivuta pembeni, nyuma ya mnara wa kengele. Nikajiandaa. Nilikuwa na maneno tayari: virusi, flashi ya kuazima, mtu asiyejulikana.

Akaniambia amelijaribu faili langu.

Nikashika ukuta wa mnara.

Akaniambia amekaa nalo akastaajabu. Kwamba mimi, mshindani wake, nimemtengenezea kipimo ili aone kama kweli ameziba tundu. Ni watu wachache wenye moyo huo, akasema. Kesho atanishukuru hadharani. Halafu akainama kidogo, akasema kwa sauti ya chini kwamba ameona nimetumia neno gani. Akanipiga bega. Macho yake yalikuwa na maji, au ni upepo.

Nilisema asante.

Mchana nimefikiri. Huenda mambo si mabaya. Sasa mimi ni mtu mwema, nimekuwa hivyo bila gharama yoyote, na kesho nitasoma orodha yake safi na Mkumbushaji wangu atapendeza. Kupakua toleo jipya leo? Bando la intaneti limekwisha na ni Jumapili, siku ya mapumziko. Amri za Mungu ziko wazi.

Jumatatu, 16 Juni

Turubai lilifungwa vizuri. Watoto wa shule waliimba. Mgeni rasmi, mama mmoja mpole mwenye miwani, alikaa mbele na shada la maua. Christopha akaanza. Akasoma orodha ya kawaida, ikakubali. Akasema sasa ataonyesha faili la hatari alilopewa na ndugu yake Flavian. Akalifungua. Kengele ikatikisika kidogo, ikaandika kwa herufi kubwa: FAILI HILI LINAJIRUDIA KUPITA KIASI. LIMEKATALIWA. Makofi! Mgeni rasmi akageuka kunitazama, akaitikia kwa kichwa. Nilisimama nikainama. Namna hiyo, kama mtu mkubwa.

Ikawa zamu yangu. Nikachomeka flashi kwenye kompyuta ya zahanati. Sasa, Mkumbushaji ana sifa moja ambayo nimejivunia siku zote: habagui. Akikuta mafaili mawili kwenye flashi anasoma yote mawili, bila kuuliza, na kila jina analolisoma analionyesha kwenye skrini.

Faili la mistari kumi lilikuwa bado humo. Sikulifuta. Nani anakumbuka kufuta?

Skrini ikaandika Silvana. Kisha Silvana Silvana Silvana. Kisha skrini nzima, kutoka juu hadi chini, na kushuka, na kushuka. Feni ya kompyuta ikaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga. Watoto walicheka wakadhani ni sehemu ya mchezo. Mgeni rasmi akavua miwani, akauliza Silvana ni nani.

Mama Mariana alikuwa amesimama pembeni na sinia la soda. Watu wote wakageuka.

“Ni mimi, mheshimiwa,” akasema.

Hapo kompyuta ikasimama kimya. Nikafanya ambalo fundi yeyote angemkataza mteja asilifanye: nikachomoa waya. Ilipowaka tena, orodha ilikuwa imeharibika. Majina yamevurugika, tarehe hazipo, namba za simu za kina mama hazipo. Sista Fransiska akauliza kwa utulivu nakala iko wapi. Nikasema ipo. Iko kwenye kompyuta hiyo hiyo, folda ya jirani. Tukaifungua folda ya jirani. Nayo ilikuwa Silvana tupu.

Akauliza kuhusu daftari la zamani. Mama Mariana akatazama chini. Daftari waliacha kulijaza mwaka jana. Kuna mtu aliwaambia limepitwa na wakati.

Mtu huyo ni mimi.

Keshokutwa ni kliniki. Watoto wanaotakiwa ni thelathini na mmoja, na kina mama wamezoea kungoja meseji. Kadi wanazo majumbani, chini ya godoro, hawazitazami tena. Nyumbani Mama Mariana hakunigombeza. Aliosha vyombo polepole sana. Aliniuliza tu kimetokea nini, nikasema kompyuta ni ya zamani.

Jumatano, 18 Juni

Jana sikuandika. Sikuwa nyumbani. Nieleze kwa mpangilio.

Jana asubuhi Mama Mariana aliniambia nichukue kalamu. Akakaa kwenye kigoda, akafumba macho, akaanza kuwataja. Mtoto wa Loth, yule anayelia kabla hajaguswa. Pacha wa nyumba ya bati jipya Mollo, Kulwa ana alama sikioni, Doto hana. Mtoto wa Mariana mwingine, siyo wetu, anayependa kumvuta nesi kitambaa cha kichwani. Alijua nyumba, alijua njia, alijua nani alikuwa na upele mwezi uliopita. Nilikuwa naandika huku nahesabu. Thelathini na mmoja. Hakusahau hata mmoja. Miaka miwili nimekuwa nikimweleza mwanamke huyu kwamba bila Mkumbushaji angepotea.

Aliyemsumbua zaidi alikuwa Zenon wa Rahel. Miezi minne, alizaliwa kabla ya wakati, lazima apimwe. Alirudia jina hilo mara mbili.

Christopha alikuja na pikipiki kabla hatujamwita. Hakuwa na tai. Tukagawana: Mama Mariana nyumba za karibu, Christopha Kasense, mimi Mollo kwa baiskeli. Kila nyumba niliyoingia waliniuliza swali lile lile: nesi hajambo? Siyo mimi ni nani. Nesi hajambo? Nilipewa togwa nyumba tatu. Nyumba ya nne nilikataa, wakaniambia basi mpelekee nesi, wakanijazia chupa.

Kwa Rahel mlango ulikuwa umefungwa. Jirani akasema amekwenda kwa mama yake Mpui, kusaidia kuvuna ulezi. Wiki mbili sasa.

Mpui si karibu. Nilimtafuta Christopha, akasema panda.

Njiani upepo ulikuwa unatupiga mgongoni. Nilimshika kiunoni nikatazama mgongo wa koti lake, na sijui ni nini kilinipata, nikaanza kumwambia. Kwamba lile faili halikuwa kipimo. Kwamba nilitaka aaibike. Kwamba toleo jipya sikuweka. Nilisema yote, hata habari ya tai. Nilipomaliza nilikuwa mwepesi kama karatasi.

“Unasemaje?” akapiga kelele.

Nikafikiri kidogo.

“Nasema kuna baridi!”

“Sana!” akajibu.

Tulimkuta Rahel uani kwa mama yake. Alikuwa amemkumbatia mtoto, anamtikisa bila kumtazama, kama mtu ambaye hajalala. Zenon alikuwa anapumua haraka haraka, mbavu zinaingia na kutoka. Alikuwa hajanyonya vizuri tangu juzi. Nikamuuliza Rahel kwa nini hakumleta mtoto zahanati.

“Nilikuwa nangoja meseji,” akasema. “Meseji ingekuja ningejua ni siku yake. Nikasema labda bado.”

Hakunilaumu. Aliyasema vile vile, kama mtu anayeeleza saa ngapi basi hupita. Ningependa angenilaumu.

Pikipiki haitoshi watu wanne. Christopha akampakia Rahel na mtoto ndani ya blanketi mbili, akaondoka taratibu kama aliyebeba mayai. Mimi nikabaki na mama yake Rahel, Bibi Bertilla, ambaye alinipa ungo na kuniambia nipepete ulezi, maana mtu akikaa bure anafikiri mabaya.

Nikapepeta. Ulezi mwingi ulimwagika. Akiuokota alinisimulia siku Zenon alipozaliwa. Rahel alikuwa hoi, hawezi kumshika mtoto. Mke wangu alifungua vifungo vya gauni lake la kazi, akamweka yule mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, asubuhi hadi jioni. Alikataa kula, alisema mikono imejaa.

“Hakukuambia?” akauliza.

Hakuniambia. Lakini siku hiyo naikumbuka. Alirudi amechelewa, na mimi nilimnunia kwa sababu nilikuwa nimeongeza rangi ya kijani kwenye Mkumbushaji na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Nimelala Mpui, nimerudi leo asubuhi juu ya lori la Fuso lililobeba mahindi.

Zahanati ilikuwa imejaa. Kina mama benchi zote, wengine chini kwenye khanga. Zenon alikuwa chumba cha ndani. Nimonia, inaanza. Ameshachomwa sindano na amenyonya vizuri saa tatu asubuhi. Sista Fransiska amesema wangengoja hadi wiki ijayo angekuwa na habari nyingine ya kutuambia, na hakuisema.

Mama Mariana alitoka saa saba akaja kukaa nami kwenye ngazi za nyuma. Alikuwa ananuka spiriti na maziwa. Nikamwambia.

“Lile faili nilitengeneza mimi.”

“Najua.”

“Tangu lini?”

“Tangu Alhamisi. Hutabasamu hivyo ukifanya kazi.” Akatoa punje za mahindi zilizonasa kwenye nywele zangu, moja moja. “Sikujua ni nini. Nilijua tu ni upumbavu.”

“Zenon angekufa.”

“Angeweza.” Hakunipunguzia. Nilishukuru kwa hilo. Halafu akauliza, hakunitazama: “Kwa nini uliandika jina langu?”

Nilikuwa na majibu mazuri matatu. Nikasema la nne.

“Nilihitaji neno ambalo linaweza kurudiwa mara bilioni. Sikupata jingine.”

Ndani mtoto mmoja alianza kulia, kisha wote.

“Miaka kumi na minne unaniita Mama Mariana,” akasema. “Nilidhani jina langu umelisahau. Kumbe unalo, umeipa kompyuta.” Akasimama, akakung'uta gauni. “Ungelisema mara moja tu, nyumbani, ningesikia.”

“Silvana,” nikasema.

Akasimama mlangoni kidogo. Mgongo wake ulicheka, kisha akaingia kazini.

Ijumaa, 20 Juni

Zenon anaendelea vizuri. Ameongezeka uzito. Kidogo, lakini Silvana alinionyesha kwa vidole kidogo hicho kama mtu anayeonyesha mlima.

Christopha amekuja na kompyuta yake tukaweka toleo jipya la maktaba. Imechukua muda mfupi kuliko chai. Akaweka pia kikomo: faili likizidi kipimo Mkumbushaji analikataa, na akishindwa analala peke yake bila kuharibu orodha. Nakala sasa inakaa kwa Sista Fransiska, kwenye kabati lenye ufunguo. Daftari limerudi. Nimechora mistari yake mimi mwenyewe kwa rula, kurasa sitini.

Nikamwambia Christopha nina jambo la kumweleza, kuhusu faili. Akasema nililisema siku ile kwenye pikipiki. Nikasema sikudhani alisikia.

“Upepo ulikuwa unatoka nyuma, Flavian,” akasema. “Nilisikia hata habari ya tai.”

Akaendelea kubonyeza vitufe. Nilitamani anipige. Baadaye akaniuliza, hivi kweli tai ya bluu ni mbaya kiasi hicho? Nikasema hapana, mbaya ni ile ya kijani.

Mgeni rasmi ameleta barua. Kengele imechaguliwa. Chini yake imeandikwa kwamba ndugu Flavian atakuwa mpimaji wake, kwa kuwa ameonyesha kipaji cha kipekee cha kutafuta udhaifu. Silvana aliisoma kwa sauti mezani, akacheka hadi akaweka kijiko chini.

Jumapili, 22 Juni

Nimemwahidi Silvana: hila basi. Nimeahidi kwa kweli, nikiwa nimesimama. Mimi ni mtu mpya. Siku hizi nne nimemwita kwa jina lake mara kumi na moja na kila mara anageuka kana kwamba ni mara ya kwanza. Bado sijazoea uso huo.

Ndiyo maana nikawaza. Siyo hila. Ni zawadi. Zawadi na hila ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kesho, Jumatatu saa nne asubuhi, redio ya hapa mjini ina kipindi cha salamu. Mtangazaji mmoja, simu moja. Wasikilizaji wanatuma meseji, yeye anasoma. Zahanati wanaisikiliza dirishani wakipima uzito. Nikajiuliza: itakuwaje siku moja nesi asikie jina lake likisomwa redioni na watu wote aliowahudumia?

Christopha amenipa ruhusa ya kuingia kwenye Kengele, kwa ajili ya upimaji. Namba za kina mama tulizokusanya upya zimo humo. Nimewaandikia ujumbe mfupi, wa heshima: kesho saa nne kamili, si kabla wala si baada, kila mmoja atume salamu redioni kwa Nesi Silvana, na awaombe ndugu, jamaa na majirani wote watume pia, tena na tena, mpaka zisomwe zote. Sikumwambia Christopha. Angeanza habari za vikomo.

Ujumbe umeshaondoka. Silvana yuko uani anaanua nguo na hajui lolote. Nimepanga kila kitu kwa makini. Jambo moja tu sina uhakika nalo, kama ile simu ya redio inaweza kupokea meseji nyingi kwa mara moja.

Nitawauliza Jumanne.